Masaa Sita ya Adabu

Mdogo wangu Elia,

Tangu nifike huku Afrika Kusini kulea kitukuu ni miezi mitano, na shikamoo yako sijaisikia hata moja. Au simu yako inawapigia wanunuzi wa alizeti tu? Haya, marahaba, nimeitikia mwenyewe. Mimi mzima, mgongo tu unaniuma kwa kubeba mtoto. Nyie huko Ihanja wazima? Mvua imewapata? Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mjukuu wangu Yosefina ataipiga picha aitume kwenye simu ya binti yako. Sabina, msomee baba yako yote. Ukiruka mstari nitajua.

Nimekasirika, Elia. Sikiliza mpaka mwisho.

Unajua Yosefina anasomea mambo ya nyota. Si ramli, na uwaambie hao wanaomtuma awatafutie ng'ombe waliopotea. Kuna masahani makubwa kama nyumba, yamesimamishwa nyikani, yanasikiliza nyota za mbali ambako macho hayafiki. Masahani ni hayo hayo, wanaoyataka ni wa dunia nzima. Kwa hiyo kila mtu anaandika ombi: nataka kusikiliza kitu gani, kwa masaa mangapi. Wakubwa wanakaa kikao, wanagawa. Yosefina anataka kundi moja la nyota lenye sauti hafifu sana. Asipolipata hana cha kuandika kwenye masomo yake, na huu ndio mwaka wake wa mwisho. Atarudi Singida mikono mitupu.

Basi juzi majibu yakaja. Nikamkuta jikoni, ugali unaungua, yeye anatazama kompyuta.

"Wamesemaje?"

"Wamekataa, bibi. Wanasema kazi ni nzuri, ila masaa niliyoomba hayatoshi kuifanya."

"Uliomba mangapi?"

"Sita."

"Na kazi inataka mangapi?"

Akainamisha kichwa. "Thelathini."

Nikamwuliza kama ana akili timamu. Akasema, "Bibi, nitaombaje thelathini kwa watu nisiowajua? Nilijua wataona wenyewe kazi ni kubwa, waongeze."

"Sasa kama wameona hayatoshi, mbona hawakuongeza?"

"Huku hawaongezi, bibi."

Elia, niliwatukana wale wakubwa kwa Kinyaturu mpaka mtoto akaamka. Watu wazima na elimu yao, binti anawaomba kwa adabu, wanamwachia adabu yake! Halafu nikakumbuka, aliyemfundisha ni mimi. Nilikuwa namtuma kwa jirani yetu Mama Halima na kapu, namwambia, "Omba kibakuli kimoja cha unga, usitaje kapu." Mama Halima akiona kapu, anajaza. Ndivyo tulivyolelewa. Anayeomba anapunguza, anayetoa anaongeza.

Wale ni wageni, hawajui. Wewe je? Baba alipofariki ukoo ulikaa, nikaulizwa nataka nini. Nikasema, "Nipeni kile kipande cha mawe tu, nipande karanga." Kila aliyekuwepo alinielewa. Nikangoja useme, "Hapana dada, chukua mpaka barabarani." Wewe ukasema, "Haya, amesema mwenyewe," ukanyanyuka kwenda kunywa togwa. Miaka yote hii navunja majembe juu ya mawe, natazama alizeti yako inachanua ng'ambo ya mpaka, nimefunga mdomo.

Sasa basi. Maombi yamefunguliwa tena, nikavuta kiti nikakaa karibu naye. Akaandika ishirini. Nikamwambia futa. Akaandika ishirini na tano. Futa! Mwishowe ameandika thelathini na ametuma. Majibu bado. Wakikataa, wakatae kazi nzima, wasiikatae adabu yake.

Na mimi naomba. Shamba la baba nataka nusu, kuanzia jiwe kubwa mpaka barabarani, na udongo mweusi uwe ndani yake. Uniwekee mpaka mbele ya ukoo kabla sijarudi. Sikuombi uongeze. Usipunguze.

Msalimie wifi yangu, mkeo. Siku ile ya kikao cha ukoo alikuvuta shati, nilimwona. Mama Halima mwambie kapu alilokuwa akitujazia silisahau. Na wewe Sabina, ukienda kuomba popote, taja yote.

Ni mimi dada yako mkubwa, uliyempa mawe.