Mayai ya Mzee

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeamka saa kumi na mbili. Kiti, mara kumi: kukaa na kusimama, mikono kifuani. Magoti yalilalamika mara ya nane, sikuyasikiliza. Kifungua kinywa: mayai mawili ya kuchemsha, ndizi, kikombe cha maziwa. Wiki ya tatu sasa tangu daktari wa Bukoba anipe masharti. Alisema misuli ya mtu wa miaka sabini na mbili inaondoka kimyakimya, na ndizi peke yake haziirudishi. Protini kila mlo, si Jumapili tu. Mayai, maharage, dagaa, samaki, maziwa, nyama ikipatikana.

Niliporudi hapa Kagoma nilimsomea mke wangu, Mama Adela, orodha yote, kisha nikaibandika ukutani jikoni. Ualimu hauishi mwilini hata ukistaafu. Anaifuata bila kukosea.

Jumatano, 9 Oktoba

Mchana dagaa na maharage. Jioni maziwa ya mgando. Nimebeba mkungu wa ndizi kutoka mwisho wa kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, hadi mlangoni bila kupumzika. Mwaka jana nilipumzika mara mbili, pale kwenye mibuni. Mama Adela akauliza kama najiandaa kuoa tena. Nikamwambia posa imeshapelekwa. Najisikia kijana, na najivunia, sioni haya kuandika.

Jumapili, 13 Oktoba

Misa ya kwanza. Baada ya mageuzo ya mkate na divai watu wote wakasimama, Mama Adela akabaki amepiga magoti. Nilimwona kutoka upande wa wanaume. Nilidhani anaendelea kusali. Kumbe hawezi kuinuka; mama aliyekuwa pembeni yake alimshika kwapani akamwinua. Nyumbani anasema ni uzee wa magoti. Ana miaka sitini na nane. Mimi ndiye mkubwa.

Mchana kuku. Nimekula paja na firigisi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Sato mkubwa kutoka mwaloni, pale ziwani wavuvi wanaposhusha samaki, mbichi kabisa. Nimekula upande mzima. Mama Adela anapenda mchuzi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kiti, mara kumi na tano. Sijawahi kufika hapo. Kwa utani nikamwambia Mama Adela naye ajaribu. Akafuta mikono kwenye kanga, akakaa, akakunja mikono kifuani kama mimi. Hakuinuka. Akajaribu tena, akanyanyuka kidogo, akarudi. Tukacheka wote wawili. Kisha akashika meza ili asimame, na mimi nikaacha kucheka. Mikono yake imekuwa myembamba. Tangu lini?

Ijumaa, 25 Oktoba

Ameanguka.

Alikwenda kibanjani kukata ndizi saa nne. Mimi nilikuwa barazani na redio. Saa sita nikashangaa jiko limelala. Nimemkuta amekaa kwenye matandazo chini ya mgomba, panga pembeni, ametulia kama mtu anayesubiri zamu. Hajaumia. Aliteleza tu, akashindwa kuinuka. Hakuniita. Anasema hakutaka kunisumbua, alijua nakunywa maziwa yangu.

Nimeogopa. Nina hasira pia, sijui na nani.

Jumatatu, 28 Oktoba. Bukoba

Binti yetu Adela alitupokea stendi, akatupeleka kwa daktari yuleyule. Hakuna mfupa uliovunjika. Daktari akamwuliza mama jana alikula nini. Chai. Ndizi. Mchuzi. Mayai je? "Ya mzee." Samaki? "Wa mzee." Kuku nyumbani wapo? Wapo tisa, wanataga vizuri. Daktari akanigeukia.

Kisha akaeleza. Nyama ya mapaja imepungua kwa kukosa chakula chake. Inarudi, hata katika umri huu, akila na akijizoeza. Asipofanya hivyo, siku akianguka tena itavunjika nyonga. Turudi baada ya wiki sita.

Nje, Adela alinivuta pembeni. Kwa Kihaya chetu, mimi kwake ni Tata na mama yake ni Mawe. "Tata, wiki sita. Mawe asipoweza kusimama mwenyewe kwenye kiti, anabaki hapa kwangu. Sitabishana." Mama yake alisikia. Njia nzima ya kurudi alitazama dirishani. Hajawahi kulala mjini zaidi ya siku tatu. Anasema mjini hakuna udongo wa kushika. Na mimi bila yeye hapa nitaishije?

Jumanne, 29 Oktoba

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Kila ukurasa nimekula mimi. Kabla ya jana, chakula chake yeye kimo mara moja: anapenda mchuzi. Miaka arobaini na minne ya ndoa nimeamini anapenda mchuzi.

Nikaenda jikoni kuitazama ile orodha. Juu kabisa, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: CHAKULA CHA MZEE. Niliandika mwenyewe. Yeye alifuata alichoandikiwa. Naona aibu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimefuta kile kichwa, nimeandika CHAKULA CHETU. Nikaweka yai kwenye sahani yake. Akalirudisha kwangu. Nikalirudisha kwake. Limevuka meza mpaka likapoa.

Siku alipoolewa hapa, marehemu mama yangu alimkalisha jikoni akamwambia yaleyale aliyokwisha kuambiwa kwao: kuku, mayai na senene ni vya wanaume. Nikamkumbusha Mama Adela kuwa mama yangu alifariki miaka ishirini iliyopita. Akajibu, "Amekufa, lakini jiko ni lake." Nikasema Adela anakula vyote hivyo, na aliyekuwa akimpikia ni nani? Akasema Adela amesoma.

Jumanne, 5 Novemba

Maharage amekubali. Maziwa amekubali. Dagaa anakula nikiwaponda ndani ya ndizi. Asubuhi na jioni anashika ukingo wa meza, anakaa na kusimama mara tano. Mimi nahesabu kwa sauti ya darasani, ananiambia nipunguze. Yai anadai analila jikoni, nisipomtazama. Basi simtazami.

Jumapili, 10 Novemba

Nilikuwa natafuta chumvi. Chini ya chungu kilichofunikwa nikakuta mayai manne, yamechemshwa, hayajaguswa. Alikuwa ananiwekea mimi.

Nimemfokea hadi kuku wakakimbia uani. Akaendelea kuchambua maharage. Sikupaswa kumfokea. Karibu wiki mbili zimekwisha na meza bado anaishika.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeamua. Kama mayai ni ya mzee, mzee hali. Samaki pia hali. Maziwa hanywi. Leo nimekula ndizi na mchuzi, mara tatu. Mama Adela alifunika sufuria kwa nguvu.

Jumatano, 13 Novemba

Siku ya tatu. Kiti, mara tisa tu. Labda nilijilegeza kidogo makusudi kwa kuwa alikuwa mlangoni. Nakiri.

Jioni akaja mezani na yai moja na uzi wa kushonea. Akalikata katikati kwa uzi, nusu kwangu, nusu kwake. Akafumba macho kama mtoto anayepewa dawa, akatafuna, akameza. "Mkaidi wewe," akasema. Nikamwambia kwenye ukaidi ndipo tulipokutana. Nimefurahi kuliko siku niliyopewa ualimu mkuu.

Jumatatu, 18 Novemba

Yai zima, kila mmoja na lake. Ameshika meza kwa mkono mmoja tu.

Ijumaa, 22 Novemba

Senene wameanguka alfajiri, baada ya mvua. Kijiji kizima nyasini na ndoo. Majirani wametuletea ndoo nusu. Mama Adela akakaa kwenye kigoda kuwanyofoa mbawa na miguu, kama kila mwaka. Nikavuta kigoda cha pili nikakaa naye. Sijawahi kuifanya kazi hiyo maishani. Mimi huwa nangoja sahani. Ta Gosbati wa kibanja cha jirani akapita, akasimama kabisa. "Ee waitu, mwalimu, umeolewa?" Nikamwambia ndiyo, na mahari inaliwa leo. Nimekaanga mwenyewe. Nimeungua kidole.

Nikamwekea Mama Adela sahani mbele. Akanikumbusha walivyofundishwa: mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa kirefu kama cha senene. Nikamwuliza anatarajia kujifungua lini. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Kisha akachukua mmoja. Akatafuna taratibu, muda mrefu, akitazama mlangoni. "Umezidisha chumvi," akasema, akachukua mwingine.

Ni kweli nilizidisha. Na yeye miaka arobaini na minne amenikaangia bila kuonja, na chumvi haikuzidi hata mara moja. Nilitoka nje kidogo. Nimelia, ndiyo.

Jumapili, 1 Desemba

Ameacha meza. Mara tatu, mikono kifuani. Ya nne alirudi kitini, akaniangalia, hakucheka. Siku nane zimebaki turudi kwa daktari. Usingizi wangu mbaya.

Jumapili, 8 Desemba

Misa. Mageuzo yalipokwisha watu wakasimama. Yeye akaweka mkono kwenye benchi la mbele yake. Mimi huku nikashika la kwangu. Kisha akautoa mkono, akainuka taratibu, wa mwisho kanisa zima. Hakuna aliyemshika. Maneno ya padri yaliyofuata sikuyasikia.

Jumatatu, 9 Desemba

Bukoba, asubuhi. Kiti cha daktari, mikono kifuani: mara sita. Ya sita alitetemeka, lakini alifika. Daktari amesema tuendelee hivyohivyo, tusiache, kwa sababu tukiacha itaondoka tena. Chumba ambacho Adela alikuwa amemwandalia mama yake kitabaki kitupu. Alitununulia sato, akatusindikiza stendi, akamshika mama yake mkono kwa muda.

Tumefika Kagoma jua likiwa bado lipo. Mvua ndogo. Mama Adela alizunguka kibanja kwanza, ndipo akapika. Tumekula meza moja. Hakuniuliza. Alichukua upande wenye nyama nyingi, na tumbo, akawa anakula huku akinieleza mibuni ipi inahitaji kupogolewa. Mimi nilibaki na mkia.

Mkia una nyama kidogo. Mchuzi ni mtamu kweli.