Kila Asubuhi Niko Umeda

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimewaficha wote: kila asubuhi niko Osaka! Mwili uko nyumbani Walthamstow, kwenye kiti karibu na hita. Mimi mwenyewe niko chini ya ardhi, stesheni ya Umeda. Mjukuu wangu Alka anafundisha huko. Kwangu ikiwa asubuhi, yeye anatoka kazini jioni. Ananipigia kwa video, anatembea, namwelekeza. Wenyeji wenyewe hupotea humo — njia juu ya njia, maduka, milango ya kutokea tele. Mimi sipotei! Leo nimemtoa kwenye treni mpaka barabarani bila yeye kusoma kibao hata kimoja. Amecheka: Bapuji, you're better than the map! Eti babu yake naishinda ramani. Ameapa hatamwambia baba yake.

Baba yake ni Mitesh, mwanangu. Anadai nimeanza kusahau. Hataki nitoke peke yangu. Upuuzi. Anayeishika Umeda kichwani atasahau nini? Naandika Kiswahili kwa makusudi: Mitesh aliondoka Morogoro akinyonya, hawezi kukisoma. Moyo wangu umechakaa, daktari hakunificha. Sitaki kufa bila kuisema furaha hii mahali.

Jumatano, 8 Oktoba

Lila amenifuma! Nilikuwa napaza sauti: kata kushoto, pita duka la mikate, fuata vigae vya manjano! Mke wangu kasimama mlangoni na mwiko. "Mzee, unamfukuza nani?"

Nimemwonyesha. Akakaa. Punde naye anapiga kelele: "Siyo huko, we mtoto! Msikilize babu yako!" Vigae vile vina vinundu, vya kuwaongoza wasioona. Kauliza mbona watu wote hao hawakanyagani. Wanapanga foleni kwenye mistari ya sakafuni, nikamwambia. "Basi wewe wangekufukuza siku ya kwanza." Tumecheka mpaka nikakosa pumzi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mitesh kaja. Anaongea nami taratibu, kama na mtoto. Eti kapata mtu wa kunitembeza. Kunitembeza — kama mbwa!

Lila kamkatiza: "Baba yako alikuwa mwalimu wa jiografia, alaa!"

Mwishowe tumepatana. Jumapili niende kwake Stockwell kula mchana, peke yangu, nirudi peke yangu. Nikiweza, hatamtaja tena huyo mtu wa kunitembeza. Nikishindwa, sitoki tena bila mtu. Nimempa mkono palepale. Treni moja tu, hakuna kubadilisha! Nimemwonea huruma kidogo.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika ndani ya treni, herufi zinaruka. Nimeshinda! Nilimkuta Mitesh juu ya ngazi za umeme pale Stockwell, uso umempauka. Mezani siri ikanitoka yenyewe: Umeda, Alka, vigae, vyote. Alinikodolea macho. Kisha akanikumbatia, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi yake. All right, Pappa, you win. Akataka kunisindikiza. Nikakataa!

Baadaye. Nimeshuka Walthamstow. Mwisho wa laini, kila mtu anashuka, huwezi kukosea. Ngazi, mageti, nje. Kituo cha mabasi. Miaka arobaini napita hapa. Nimekwenda kulia — maduka nisiyoyajua. Nimerudi. Nimekwenda kushoto. Nimerudi. Kijana mmoja kaniuliza kama niko sawa, nikamjibu namsubiri mtu. Nimekaa benchi. Nikifumba macho naiona Umeda nzima, ningeweza kumwongoza kipofu. Nikifumbua — mabasi tu.

Lila kapiga simu. "Uko wapi? Chapati zinapoa."

"Nipo hapa stesheni. Napumzika."

"Basi njoo, bingwa. Mitesh kanisimulia yote."

Nimeishusha simu, nikashika kalamu. Simu iko pajani, haijakatwa. Nasikia redio yetu ya jikoni, nasikia akivuta kiti. "Mzee?" Neno hili naliandika kwanza, nilione, kisha niinue simu nimwambie: Lila, sijui nyumba yetu iko upande gani.