Tetere wa Mama na Mtama wa Mwenyekiti

Tekla,

Tangu Jumapili ile, tarehe 2 Juni 1974, mama yako alipokufa akingoja lori la kijiji, sina cha kuniamsha ila tetere wake. Leo asubuhi nimewamwagia pumba na machicha ya pombe, kama alivyozoea yeye. Punje ya kuliwa na mtu haikuwamo. Mara Mwenyekiti Justus huyo, uani.

"Ndugu, taifa lina njaa, wewe unafuga kupe wenye mabawa!"

Akazoa pumba zote, akawapelekea kuku wake. Kwani kuku wake wao si kupe?

Sasa sikia. Maharage yako mekoni, usiyaunguze. Mbuzi afungwe. Hapa uani usimwage kitu tena. Mwenyekiti ameanika mtama nyuma ya nyumba yake, mkeka mzima. Saa nane mchana, watu wa nyumbani kwake wakishalala, chukua kifuniko cha sufuria, simama kwenye ua wake wa mabua, ukigonge kwa mwiko kama alivyogonga mama yako akiwaita. Tetere wanaujua mlio ule, watakuja wote.

~~Gonga mara moja tu, inatosha.~~ Hapana. Gonga mpaka mkeka uonekane.

Akirudi mkutanoni akakuuliza, mwambie ndege ni mali ya taifa.

Ni mimi baba yako.

Nimekwenda mkutanoni Igalula. Mara hii nitamwuliza Justus mbele ya wakubwa wake, na sikai chini mpaka anijibu: siku ile mama yako anaungua homa, lori lilikuwa limembeba nani?