Mwajuma Ameandikwa "Mengineyo"

Ndola, Zambia

Mama yangu, shikamoo. Mgongo umetulia? Migomba imesalimika na upepo? Mimi bahati imenikumbatia mpaka najikwaa. Gari langu, Noah nyeusi, linang'aa, hata nzi akitua anateleza. Mji mzima wananiita Bosi Habibu, hakuna asiyenijua, ukiacha wale wasionijua.

Barua hii nimempa dereva wa lori, maana nikipiga simu utampa mjomba. Mdogo wangu Zena akusomee.

Mama, mlinidanganya. Mlisema dada Mwajuma alishikwa na kifafa cha mimba ghafla akafariki, kazi ya Mungu. Nikalia, nikaamini. Juzi Zena kanitumia picha ya karatasi ya hospitali ya kifo chake, nikampelekea dada Neema, mkunga wa Mbeya aliyeolewa huku.

"Wameandika matatizo mengineyo ya uzazi," akasema.

"Mengineyo ndiyo ugonjwa gani?"

"Siyo ugonjwa, Habibu. Kutokwa damu kuna mahali pake kwenye orodha yao, kifafa kina mahali pake. Wasichokijua wanakiweka huku mwisho. Aliyempeleka aliwaeleza nini?"

Nikambana Zena, akanimwagia yote. Uchungu wa Mwajuma ulianza Ijumaa. Hospitali kafikishwa Jumapili, hajiwezi, na mjomba akawaambia manesi umeanza asubuhi ile ile. Wangeandika nini, masikini? Na majirani walikuja na machela tangu Ijumaa wamteremshe mlimani mpaka barabarani, mjomba akawarudisha: "Mpwa wangu ana Noah, dada yake ashushwe kama mkungu wa ndizi? Gari linakuja."

Ijumaa ile ulinipigia, mama. "Gari linakuja lini, mwanangu?" Nikacheka, "Lipo njiani, pikeni wali!" Hukutaja Mwajuma. Eti uchungu hautangazwi kwa mwanaume. Hata kwa kaka wa tumbo moja? Mliniacha nacheka dada yangu anakufa, kisha mkanificha ukweli mwaka mzima.

Sasa Zena mwenyewe ana mimba ya miezi minane, na mjomba keshasema wanasubiri gari. Zena, hapa soma kwa sauti: mteremsheni wiki hii, kwa machela, kwa mgongo, vyovyote, akakae kwa shangazi Kilakala, karibu na hospitali. Na mkiulizwa uchungu umeanza lini, semeni kweli.

Nisalimie shangazi, na majirani wa machela, waambie nawaomba radhi. Mjomba naye msalimie. Ni mjomba wangu, nitafanyaje.

Mwanao,
Habibu

Mama, gari sina. Sijawahi kuwa nalo. Lile la kwenye picha niliyowatumia nilikuwa naliosha.