Baba Yenu Asisifiwe Akiwa Ameshika Kisu

Jumanne, tarehe 14 Oktoba, 2025

Wanangu wapendwa,

Nimekwenda darasani. Mkate umo kabatini. Kisu kipya cha kukunja cha baba yenu kifutwe hadi kikauke, kitiwe tone moja la mafuta kwenye bawaba, wala kisilowekwe majini.

Nawaeleza yaliyotokea asubuhi. Siku ya kukiagiza, fundi visu alichukua kipimo cha mpini kwa kumfumbatisha baba yenu donge la udongo, na baba yenu wakati huo alikuwa akigombana na mteja aliyeruka foleni. Basi mpini ukafuata ngumi ya hasira, na humkaa barabara akikasirika tu. Leo asubuhi alikuwa akimenya chungwa, nikajisahau nikamwambia, "Mume wangu, umependeza." Akatabasamu, vidole vikalegea, kisu kikamkata kidole gumba.

"Mama watoto," akasema, "sifa zako zitaniua!"

Maneno hayo yameniuma, kwa sababu kweli alikuwa amependeza.

~~Akitaka kukata mkate, mwudhini kwanza.~~ Hapana. Mkate ukateni ninyi wenyewe. Fundi atampima upya saa kumi jioni. Aende akiwa ameshiba, na asiambiwe matokeo ya mpira. Nataka mume wangu asifiwe mezani kwake na abaki na vidole vyote kumi.

Atakayemaliza kusoma ampe shangazi yenu karatasi hii mlangoni, kabla hajamwona kaka yake, kwa kuwa hawezi kumsalimu bila kumwita simba wa ukoo.

Ni mimi,
Mama yenu