Sponji ya Bega la Kushoto

S.L.P. 3316,
Kitale.
14 Januari 2007

Mpendwa Tata Nyaruai,

Habari ya huko Francistown? Joto limepungua, ama bado mnalala madirisha wazi? Na goti lako je? Ulisema daktari amekukataza kusimama darasani siku nzima, nami ninavyokujua, najua unasimama tu. Mzee Nderitu hajambo? Munene ameanza kuongea Kikuyu, ama bado anakujibu kwa Kiingereza? Mwambie nikimpata nitamfinya.

Sisi huku tuko wazima wa mwili. Mahindi yameshatoka shambani. Baba anakohoa kidogo, ni vumbi la kupukuchua, si kitu cha kukutia wasiwasi.

Sasa Tata, tafuta kiti ukae. Yaliyobaki si ya kusomwa ukiwa umesimama.

Uliniuliza kazi inaendaje tangu niache kule nilikokuwa nikishona yunifomu za shule, nijitegemee. Wewe ndiye ulinitumia vile vitabu vya mitindo na kalamu za rangi, ukaniambia mkono wangu haukuumbwa kushona kola za watu wengine mpaka uzeeni. Nilikusikia. Mwaka jana mwezi wa tatu nilikodi chumba nyuma ya soko, nikaanza kuchora mitindo yangu mwenyewe, kuyeyusha nta, kutia rangi batiki, na kuzungukia mafundi na maduka nikiwauzia michoro. Watu walinicheka! Kila mtu alikuwa ananiuliza, "Kwani wewe unashona ama hushoni?" Nikisema nabuni, wanatazamana, ati nani atanunua karatasi.

Aliyenielewa ni Savitri, yule mama mwenye duka la vitambaa katikati ya mji. Alishika batiki yangu, akaigeuza huku na huku, akanusa hata nta. Akaniambia nikifanya kazi moja kubwa, watu waivae na waisifu, atanipa dirisha la mbele la duka lake, nguo zangu ndani yake na jina langu kwenye kibao. Jina langu, Tata. Nililala nikiliota hilo dirisha.

Kazi kubwa ikaja, na aliyeileta ni mama mwenyewe. Akina mama wa kanisa walitaka gauni mpya ya sare ya kuvaa kwenye mkutano wao mkubwa kule Mabanga mwezi wa nane, na mama ndiye mwenyekiti wao. Nikachora. Wakapenda. Nikashona moja ya mfano kwa kipimo cha mama, maana ndiye angeivaa mbele yao waione.

Wewe unalijua bega la mama. Tangu siku ile gari la ng'ombe lilipomwangusha dada yako kule Tongaren mkiwa wasichana, la kushoto liko chini ya la kulia, na miaka yote hii analificha kwa sweta, hata jua liwake namna gani. Mimi ndiye humshonea tangu nikiwa kidato cha pili. Kila nguo yake naweka sponji ya unene wa kidole kwenye bega la kushoto, la kulia naliacha hivyo hivyo. Akivaa, analingana. Hatujawahi kuliongea, yeye na mimi. Ananigeuzia mgongo, napima, basi.

Nilijua nitawapima wale wengine thelathini na tano mmoja mmoja. Kumbe kamati ilishakaa. Kuna fundi mmoja kule Myanga, upande wa Bungoma, ana haraka na hasumbui, kwa hivyo mama akampelekea ile gauni ya mfano. Hakuniuliza. Nilipomuuliza mimi, akanijibu, "Kui, hiyo ni kazi ya Mungu, na wewe ulishachora." Kama kwamba kuchora ni kupiga chafya!

Fundi akafanya wanavyofanya mafundi. Akaifumua gauni, akatandaza vipande, akakata juu yake. Na ni mwaminifu ajabu huyo mtu. Alikuta sponji kushoto, akaweka sponji kushoto, kwa kila mwanamke.

Nilienda Mabanga siku hiyo na mpiga picha, nipate za kumpelekea Savitri. Wakaingia kwa mstari, wanaimba. Wanawake thelathini na tano, kila mmoja bega moja juu, kama mtu ameulizwa swali akajibu "sijui" kwa upande mmoja. Wageni wakaanza kuchekea ndani ya leso. Na mbele yao wote mama, amenyooka sawasawa, mrembo, yeye peke yake.

Jumapili iliyofuata waliniita. Gauni iko mezani. Mama Wacuka, katibu wao, akasema mchoro ulikuwa mbovu na kanisa limeaibishwa mbele ya jimbo zima. Nikamtazama mama. Lilitakiwa neno moja tu, "Kipimo kilikuwa changu." Akashika mkoba wake vizuri, akasema, "Mtusamehe. Mtoto bado anajifunza."

Mtoto! Nina miaka ishirini na tisa.

Najua utaniuliza kwa nini sikujitetea. Ningesemaje, Tata? Nimvue mama yangu nguo mbele ya kanisa? Waliosema mvuliwa nguo huchutama walisema kweli, nami nilichutama, nikaomba radhi kwa kosa ambalo si langu. Mama Wacuka akaniombea nipate bidii.

Picha zilimfikia Savitri kabla yangu, mji huu unavyojua kubeba maneno. Hakunifokea. Aliniambia tu, "Mkono wako ni mzuri, Kui, lakini watu bado wanacheka. Wacha kwanza ipoe." Bado naambiwa ipoe. Dirishani ameweka masweta ya shule.

Nina uchungu, sikufichi. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi hata hiyo nguo ndiye niliyeishona.

Mwezi wa kumi na moja mama akaja chumbani kwangu na kitambaa, apate cha kuvaa kwenye ruracio ya mdogo wangu Ciru, wakwe wakija na mahari. Akakiweka mezani, akavua sweta, akanigeuzia mgongo, akasimama. Ya Mabanga hakuyagusa. Nikachukua tepu. Nakuambia ukweli kwa sababu ni wewe: nilishika chaki nikitaka kukata mabega yote mawili sawa, bila sponji, aende hivyo mbele ya wakwe. Mkono ukakataa. Nikaishona, na sijawahi kushona nguo nzuri kama ile. Ukingo wote niliutia batiki kwa nta, siku nne nimeinama.

Siku ya ruracio kila mtu alimsifu. Mwanamke mmoja wa upande wa wakwe, ana duka la nguo Nakuru, akamshika mama mkono. "Hii nani amekufanyia? Nataka nimpe kazi." Mimi nilikuwa hapo hapo nyuma yake na sinia ya mukimo. Mama akageuka, akaniona. Kisha akawatazama wenzake wa kanisa walioketi karibu, Mama Wacuka akiwa wa kwanza, masikio yamesimama.

Akasema, "Ni fundi mmoja tu wa Bungoma."

Nikaweka sinia chini, nikaenda kuosha vyombo.

Kwa hivyo nahama Ijumaa. Nimepata chumba Bungoma, kidogo, lakini kina mwanga wa asubuhi. Nabeba cherehani, sufuria ya nta na vile vitabu vyako. Mama nimemwambia nafuata kazi, na hakuuliza zaidi. Wewe pekee ndiye nakueleza sababu: yule mama wa Nakuru akija kumtafuta huyo fundi wa Bungoma, nataka amkute.

Nisalimie mzee Nderitu na Munene. Baba anakusalimu, na Ciru anasema asante kwa blanketi. Salamu za mama hazimo humu, maana hajui nimekuandikia. Nawe ukimwandikia, tafadhali usimguse kwa hili.

Mungu aweke mkono wake juu ya hilo goti, akulinde ugenini, akurudishe kwetu ukitembea vizuri.

Mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye bila kupunguza,

Kui