Maji ya Kisima cha Baba

Chumba cha Habari,
Ghorofa ya pili.
Jumatano, 14 Agosti.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Hujambo huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Sisi wazima, isipokuwa mmoja, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mjukuu wa dada yetu mkubwa ameharisha tena. Ni mara ya tatu tangu wahamie nyumba ya marehemu baba, wanakokunywa maji ya kisima kama yalivyo. Mtoto amekwisha, amebaki macho. Nimemchukua kwangu, nachemsha kila tone, na tumbo limetulia. Dada anasema ni mabadiliko ya hewa.

Unamjua dada. Mhandisi wa madaraja, hurudisha lori zima la zege kwa kuwa halikupimwa mbele yake. Nikamuuliza, "Na kisima umekipima?"

"Wewe na umbea wako wa gazetini. Baba kayanywa maji yale mpaka uzeeni, na meno yake yote kinywani."

Nilipeleka chupa ya maji ya kisima kwa mkaguzi wa maji. Yakakutwa na vijidudu. Dada akasoma majibu, akasema chupa yangu ndiyo iliyokuwa chafu.

"Basi jaza yako," nikamwambia. Tangu hapo hana nafasi.

Usidhani hana akili. Anazo, ila kwenye kisima kile zinamfanyia kazi ya wakili, si ya hakimu. Kila ushahidi unakuta jibu lake mlangoni. Hata mimi najishuku. Nakumbuka sufuria kubwa ya maji ikichemka jikoni kwa baba, lakini shangazi anasema ilikuwa ya kuogea. Mmoja wetu amejitungia.

Wewe ndiye uliyekaa na baba miaka yake ya mwisho, sisi tukiwa mbali na kazi zetu. Je, alichemsha maji ya kunywa? Sitaki maoni, wala usinifurahishe. Niandikie ulichokiona. Kama hukuona, andika hukuona. Nitamsomea dada hivyo hivyo.

Usichelewe. Jumapili ya wiki ijayo wanakuja kumchukua mtoto, na sina haki ya kumzuia.

Msalimie wifi na mapacha. Shangazi anakusalimu, na dada pia, ambaye hajui ninachokuandikia. Mungu akulinde, akuachie na kumbukumbu zako. Mtoto naye anakusalimu. Leo ameomba chakula mwenyewe.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata anapokuhoji.